Njia ya pikipiki kutoka Hoek van Holland hadi Stelvio na Dolomites: siku 12 zinatosha?

Mwendo_Pole

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mnikosoe ratiba kabla sijalipia vyumba.

Feri ni ile ya usiku ya Harwich, Uingereza, kwenda Hoek van Holland, Uholanzi, inang'oa nanga saa tano usiku na kufika saa mbili asubuhi kwa saa za Uholanzi. Kurudi ni bandari hiyohiyo, meli ya saa nne usiku, siku ya 12. Tarehe ninazofikiria ni wiki ya kwanza ya Juni. Pikipiki ni ya silinda mbili, cc 700 na ushee, tangi lita 20, inakula kama lita 4.8 kwa kilomita 100. Tuko wawili na maboksi matatu.

Rasimu yenyewe: siku ya 1, Hoek hadi Freudenstadt kwenye msitu wa Schwarzwald, Ujerumani, karibu kilomita 650, barabara ya kasi tupu. Siku ya 2, Freudenstadt, Bregenz, mapito ya milimani ya Arlberg na Reschen hadi Prad, Italia, karibu 390. Siku ya 3, mapito ya Stelvio, Gavia, Tonale, Mendola hadi Bolzano. Siku ya 4 na ya 5, milima ya Dolomites. Siku ya 6, barabara ya milimani ya Grossglockner, Austria. Baada ya hapo sijapanga, labda Slovenia kisha turudi.

Ninachotaka kujua: je, siku zimekaa sawa? Ushuru na stika za barabara zikoje kwa pikipiki? Kufunga pikipiki melini kunafanywaje? Na je, nitengeneze njia kwenye simu, au nibebe ramani ya karatasi?

---

Kona_48

Mkuu, umehesabu kilomita, hukuhesabu saa. Kwa watu wawili wenye mizigo, chukua wastani huu ukiwa umeshajumlisha mafuta na foleni za kawaida: barabara ya kasi 85 kwa saa, barabara za vijijini Ujerumani 55, mapito ya milimani 35 hadi 40. Siku yako ya 2 ikipigwa kwa hesabu hiyo ni saa nane juu ya kiti kabla hujala wala kupiga picha. Keshoye unapanda Stelvio, mikono imeshachoka. Hapo ndipo pikipiki zinapoangushwa, na mara nyingi ni kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa ndani ya kona.

Pili, tarehe. Wiki ya kwanza ya Juni ni kamari. Stelvio (mita 2,757) kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, Gavia hivyohivyo, na Timmelsjoch, pito la kati ya Italia na Austria, mara nyingi husubiri Juni iingie. Mwaka wenye theluji nyingi, zote tatu zinaweza kuwa zimefungwa siku unayofika. Sogeza hadi wiki ya tatu ya Juni, au nenda nusu ya kwanza ya Septemba. Agosti iache kabisa, hasa siku zinazozunguka tarehe 15, maana Italia nzima iko likizo na Dolomites zinajaa magari na mabasi.

Ukishachagua tarehe, angalia pia siku ambazo barabara zinafungiwa vyombo vya moto kwa ajili ya baiskeli. Sellaronda Bike Day hufunga mapito manne ya Sella siku moja ya Juni na nyingine ya Septemba. Maratona dles Dolomites huwa Jumapili ya mwanzoni mwa Julai. Stelvio nayo ina siku yake mwishoni mwa kiangazi. Ukiangukia siku hizo, hupiti hadi alasiri, hata ulie.

Sasa njia. Ningeikata hivi.

Siku ya 1: Hoek, Eindhoven, Maastricht, Monschau. Kama kilomita 295. Utashuka melini saa ya foleni ya Rotterdam, kwa hiyo usijitupe barabara ya kasi ya A20 mara moja. Nenda Maassluis, panda kivuko kidogo cha kwenda Rozenburg, utokee A15. Ni dakika chache tu majini, na utakuwa umekwepa upande wa kaskazini wa Rotterdam. Monschau iko mlangoni mwa milima ya Eifel, na kona za kwanza utazipata ukiwa bado na nguvu.

Siku ya 2: Eifel, ushuke mto Mosel pale Cochem, uvuke Hunsrück, ulale karibu na Johanniskreuz katika msitu wa Pfalz. Kama 260. Angalizo: bonde la Elmstein, karibu na hapo, limefungiwa pikipiki wikendi na sikukuu kuanzia Aprili hadi Oktoba. Bango ni duara lenye mzingo mwekundu na picha ya pikipiki katikati. Ujerumani ina barabara kadhaa za namna hiyo, na programu nyingi za njia zinakupitisha humo bila kujali ni Jumapili.

Siku ya 3: Wissembourg, uvuke Rhine, upande B500 kutoka Baden-Baden hadi Freudenstadt, kisha kusini hadi Titisee. Kama 230. B500 ni pana na lami yake nzuri, ila ina vikomo vya kasi na kamera, kwa hiyo usiisome kama uwanja wa mashindano.

Siku ya 4: Titisee, Meersburg, Bregenz, kisha Bregenzerwald na Hochtannberg hadi Lech. Kama 240. Ukifika Warth, kunja kulia kwenda Lech. Usikunje kushoto kwenda Lechtal mpaka umesoma anachoandika Stika_na_Sheria hapa chini kuhusu kelele.

Siku ya 5: Flexen, Arlberg (barabara ya juu, B197, siyo handaki), Landeck, Reschen, Prad. Haifiki 150. Siku fupi kwa makusudi.

Siku ya 6: Stelvio. Pandia Prad, ndiko kwenye zile kona 48 zenye namba. Ondoka saa moja asubuhi. Kuanzia saa nne unagawana kona na mabasi, wapanda baiskeli na magari ya kambi ambayo hayawezi kukunja mara moja, yanarudi nyuma kukuelekea. Kwa kona ya kulia, ambayo kwa mwendo wa upande wa kulia ndiyo inayobana zaidi, kaa nje ya njia yako, tazama juu inakotokea barabara, gia ya kwanza au ya pili, klachi kidogo, breki ya nyuma ikikushikilia. Ukiona gari linashuka, simama kabla ya kona, kamwe usisimame ndani yake. Ukisimama ndani, mguu wa upande wa chini haufiki ardhini, na mkiwa wawili na maboksi matatu, hakuna wa kuikamata.

Juu, chagua. Kama mmeridhika, teremka kama kilomita 3 upande wa Bormio, ukunje kwenda Umbrail na Santa Maria Uswisi, urudi Prad. Ni mzunguko wa kilomita 60 hivi na mizigo unaiacha hotelini. Kama bado mna hamu, endelea Bormio, Gavia, Tonale, Mendola hadi Kaltern, kama 210. Gavia upande wa kusini ni nyembamba, upana wa gari moja sehemu kubwa, na ina handaki lenye giza. Vua miwani ya jua kabla hujaingia.

Siku ya 7 na ya 8: kituo kimoja Dolomites, kwa mfano Arabba au Corvara. Siku moja zungukeni Sella: Campolongo, Gardena, Sella, Pordoi. Nyingine Falzarego na Giau. Ukiondoka asubuhi, zunguka kinyume cha wanavyozunguka wengi na utakuta barabara wazi zaidi.

Siku ya 9: Bolzano, Penser Joch, Sterzing, Jaufen, St. Leonhard, Timmelsjoch, Oetz. Ukihesabu kutoka Bolzano ni kama kilomita 195, na ndiyo siku nzuri kuliko zote. Timmelsjoch hufungwa usiku, saa mbili usiku hadi saa moja asubuhi, kwa hiyo usifike jioni.

Siku ya 10: pito la Fernpass, Füssen, A7 hadi Rothenburg, kama 340. Siku ya 11: bonde la Taubertal hadi Boppard kwenye Rhine, 260. Siku ya 12: Boppard hadi Hoek, 360, ufike mchana.

Grossglockner na Slovenia ziondoe. Siyo kwamba si nzuri. Hochtor, pito la juu la Grossglockner, iko mita 2,504 na barabara inatunzwa vizuri. Ila ukishafika Zell am See, umebakiwa na zaidi ya kilomita 1,000 hadi bandarini, na ushuru wake ni mkubwa kwa barabara ya kilomita 48. Ziwekee safari nyingine, uanzie mashariki.

---

Mkanda_na_Ratcheti

Nijibu la meli.

Sitaha ya magari ni chuma kilichopakwa rangi, kina mafuta na maji ya chumvi. Panda rampu kwa gia ya kwanza, mwili wima, usiguse breki ya mbele ukiwa kwenye mwinuko wala juu ya maungio ya chuma. Abiria ashuke kama wafanyakazi wanaruhusu, maana ni rahisi zaidi kuegesha ukiwa peke yako. Ukisimama, weka mguu polepole. Pikipiki nyingi huangukia hapo kwa sababu soli imeteleza, mwendo wenyewe ulishakwisha.

Kufunga: tumia stendi ya pembeni, si ya kati. Stendi ya kati inainua tairi moja, na meli ikiyumba pikipiki inaweza kusogea mbele ikajikunja. Weka gia ya kwanza, injini imezimwa. Funga breki ya mbele kwa mkanda wa velkro au raba nene kwenye mshikio. Kisha mkanda wa meli upite juu ya kiti, chini yake uweke taulo au sifongo, la sivyo ndoano na uchafu vitachana kiti. Kaza mpaka springi zishuke kama theluthi moja, si hadi mwisho. Ukizikandamiza hadi mwisho, sili za foki (mikono ya mbele inayoshika tairi) zinaweza kupasuka meli ikipiga wimbi. Kamwe usifunge mkanda kwenye usukani, maboksi wala bomba la moshi.

Mikanda ya meli ipo, lakini imejaa grisi na wakati mwingine ratcheti (kikazio cha mkanda) imeshika kutu. Beba miwili yako, ya upana wa sentimita 2.5. Uzito wake si kitu.

Alamu yenye kitambuzi cha kuinama izime, vinginevyo italia usiku kucha hadi betri iishe, na asubuhi pikipiki haiwaki huku magari yanakungoja. Begi la usiku liwe tayari limetengwa, lenye pasipoti, dawa, chaja na nguo, kwa sababu sitaha hufungwa meli ikishaondoka na hurudi kuchukua kitu. Galoni la petroli la akiba usibebe.

Asubuhi usifungue mikanda kabla meli haijatulia gatini. Na ukishatoka, andika kwa alama ndani ya kioo cha helmeti kama inabidi: KULIA. Kosa la kuendesha kushoto halitokei bandarini, huko unafuata wengine. Linatokea saa chache baadaye, ukitoka kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu.

---

Stika_na_Sheria

Kuhusu pesa na karatasi.

Uholanzi na Ujerumani pikipiki hailipi barabara za kasi. Stika za kijani za hewa safi za miji ya Ujerumani pia hazihusu pikipiki. Austria barabara za kasi zinahitaji stika, yaani uthibitisho kwamba umelipia. Kuna ya siku moja, ya siku 10, ya miezi miwili na ya mwaka. Nunua ya kidijitali, ambayo inafungamana na namba ya pikipiki, kwa sababu ya kubandika inakusumbua mahali pa kuiweka. Ukikosea herufi moja ya namba, umesafiri bila stika. Lakini kwa njia aliyochora Kona_48, unaweza usihitaji stika kabisa: A14 kutoka mpaka wa Hörbranz hadi Hohenems haihitaji, na wewe unaingia Bregenzerwald kabla ya hapo. Arlberg ya juu haina ushuru. Reschen haina. Weka tu programu yako ikwepe barabara za kulipia, kisha uhakikishe kwa macho kuwa haijakuzungusha kijinga.

Timmelsjoch ina kibanda cha ushuru, unalipa palepale. Silvretta nayo ni ya kulipia, kama utaichagua badala ya Arlberg. Hakikisha kwanza kuwa iko wazi pande zote mbili. Uswisi stika ni ya mwaka tu, faranga 40, na pikipiki inalipa sawa na gari. Umbrail na Santa Maria hazihitaji, stika ni ya barabara za kasi. Usije ukainunua kwa kilomita 30 za vijijini. Italia barabara ya kasi unachukua tiketi kwenye mashine na kulipia unapotoka, ila kwenye njia hii hakuna sababu ya kuiingia.

Sasa kelele. Tangu Juni 2020, wilaya ya Reutte huko Tirol, Austria, imepiga marufuku pikipiki zenye kelele ya zaidi ya desibeli 95 ikiwa imesimama, kuanzia 15 Aprili hadi 31 Oktoba. Barabara zinazohusika ni pamoja na Lechtal, Hahntennjoch na Namlos. Kinachoangaliwa ni namba iliyoandikwa kwenye kadi ya usajili, sehemu ya U.1. Haijalishi umeendesha taratibu kiasi gani, wala bomba la moshi unalotumia leo. Ikiwa kadi inasema 96, hupiti. Fernpass yenyewe haimo, kwa hiyo siku ya 10 uko salama. Ila Fernpass Jumamosi ya kiangazi ni foleni ndefu, na polisi wa Tirol wikendi hufunga njia za pembeni kwa magari yanayopita tu kukwepa foleni. Panga siku ya 10 iangukie katikati ya juma.

Vifaa: Austria inamtaka mwenye pikipiki awe na boksi la huduma ya kwanza. Ukipita Ubelgiji kwa bahati mbaya au kwa kupenda, sheria inataka glavu, koti la mikono mirefu, suruali ndefu na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, abiria pia. Ufaransa, ambayo utaigusa Wissembourg, inataka glavu zenye alama ya ubora ya Ulaya ya CE kwa wote wawili, na fulana ya kung'aa iwepo. Beba mbili na suala liishe.

Foleni ikisimama Ujerumani au Austria, magari hujigawa kushoto na kulia kuacha njia ya gari la wagonjwa katikati. Njia hiyo si yako. Kupenya katikati ya magari ni marufuku Ujerumani na Uswisi, na faini zake hazina mzaha.

Karatasi: leseni, kadi ya usajili halisi wala si nakala, cheti cha bima. Pikipiki yenye namba za Uingereza haihitaji tena kadi ya kijani ya bima katika nchi za Umoja wa Ulaya tangu Agosti 2021, ila inahitaji alama ya UK. Ile ya GB haikubaliki tangu Septemba 2021. Soma bima vizuri: nyingi za bima kamili zinashuka kuwa za mtu wa tatu ukivuka bahari, mpaka uombe. Bima ya kuharibikiwa njiani iseme wazi kwamba inahusu pikipiki na abiria, inakurudisha nyumbani na chombo chako, na inalipia malazi fundi akisubiri spea.

Pasipoti ya Uingereza iwe imetolewa ndani ya miaka 10 kabla ya siku ya kuingia, na ibakiwe na miezi 3 baada ya siku ya kutoka. Kama mmoja wenu ana pasipoti inayohitaji viza, ukaazi wa Uingereza hautoshi, anahitaji viza ya Schengen. Ombi linapelekwa nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi. Kwa ratiba hiyo, Ujerumani ni usiku 5, Italia 4, Austria 2. Kwa hiyo Ujerumani. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla, na lisipelekwe chini ya siku 15 kabla ya safari.

---

Fundi_Cheni

Mwanzilishi hakuuliza kuhusu pikipiki yenyewe, na hilo ndilo litakalomrudisha nyumbani kwa lori.

Anza na uzito. Tafuta kwenye kitabu uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa pikipiki ikiwa na mafuta. Kinachobaki ni chenu wawili, nguo za kuendeshea, helmeti, maboksi matupu na vilivyomo. Watu husahau kwamba maboksi matatu ya alumini na vishikio vyake yanaweza kufika kilo 20 kabla hujatia soksi. Vizito viwe chini na mbele, ndani ya maboksi ya pembeni, vya pande mbili vikaribiane uzito. Boksi la nyuma liwe na vyepesi tu. Likijazwa, mbele inakuwa nyepesi na usukani unaanza kutikisika kwenye barabara ya kasi.

Springi ya nyuma kaza kwa mzigo. Usipofanya hivyo, stendi itakuna lami kwenye kona, taa itamulika madirishani mwa watu, na pikipiki itakataa kukunja. Presha ya tairi ipime baridi, kwa takwimu za mzigo kamili zilizo kwenye kitabu. Kwa nyingi za aina hii ni kama bar 2.5 mbele na 2.9 nyuma, ila chako ndicho mwamuzi.

Tairi: sheria ya Ujerumani inataka kina cha milimita 1.6. Hiyo ni ya kufikia nyumbani, si ya kuondokea. Safari ni kilomita 3,000, na siku za mwisho za barabara ya kasi zinakula katikati ya tairi ya nyuma. Ikiwa chini ya milimita 4, badilisha kabla, kisha iendeshe kilomita 150 ya taratibu ipate kushika.

Breki ndiyo roho ya safari hii. Kiowevu kikizidi miaka miwili kina maji ndani yake. Ukishuka mita 1,800 mkiwa wawili, kinachemka, kinatoa mapovu, lever (mkono wa breki) inakuja hadi mshikio bila kushika. Badilisha kabla ya kuondoka. Pedi ziwe na milimita 3 au zaidi. Na ushuke kwa gia: ya pili, injini ikikushikilia, breki mbili kwa pamoja kwa kukaza na kuachia. Ukiishika kidogokidogo mlima mzima, unaipika. Ukisikia harufu au lever imelegea, simama dakika 20 mahali tambarare, usimwagie maji diski.

Cheni paka mafuta kila kilomita 500, jioni ikiwa ya moto, na upime ulegevu sehemu kadhaa kwa sababu hailegei sawasawa. Spea: kifaa cha kuziba pancha na pampu ndogo, balbu ya mbele, waya wa klachi kama pikipiki inatumia waya, fyuzi, nusu lita ya oili ya aina ileile, tai za plastiki, waya laini na gundi ya chuma. Lever moja ya klachi ni gramu chache na huvunjika pikipiki ikiangukia kushoto, hata imesimama.

Mafuta: kwa lita 20 na matumizi yako unafika kilomita 400 kwenye karatasi. Mkiwa wawili milimani, jaza kila ikifika 250. Vituo vya Italia vina pampu za kujihudumia na za kuhudumiwa. Ya kuhudumiwa ni ghali zaidi kwa petroli ileile. Mchana vijijini mhudumu hayupo, unalipa kwenye mashine kwa kadi, na mashine inaweza kushikilia kiasi kikubwa kuliko ulichojaza hadi benki irudishe. Noti za yuro 20 zitakuokoa mashine ikikataa kadi.

---

Faili_la_Njia

La mwisho, simu au karatasi: vyote. Programu za njia za Kurviger au Calimoto zinatafuta kona vizuri, ila usizifuate kipofu.

Faili la njia lina aina mbili. Moja ni mstari uliochorwa, haubadiliki. Nyingine ni orodha ya vituo, ambayo kifaa kinachora upya chenyewe kila kinapofungua, na kila kifaa kinachora kivyake. Pakia zote mbili, mstari uonekane chini ya njia. Zikitengana, ujue kifaa kimekugeuzia mawazo.

Kituo cha kuelekeza kiweke barabarani, kilomita moja au mbili baada ya njia panda, si kwenye njia panda yenyewe wala katikati ya mji. Vuta ramani mpaka uone kimekaa upande wako wa barabara. Kikikaa upande wa pili wa barabara ya kasi, kifaa kitakutoa, kikugeuze, kikurudishe. Kama barabara imefungwa na umeruka kituo, vifaa vingi vitang'ang'ania kukurudisha hapohapo, kwa hiyo jifunze nyumbani kitufe cha kuruka kituo. Faili moja kwa siku moja, si safari nzima, na ramani za nje ya mtandao zishushwe kabla, kwani mabonde ya Dolomites yana sehemu zisizo na mtandao.

Ramani ya Michelin ya 1:400,000 iwe kwenye begi la juu ya tangi. Barabara zenye mandhari zimepakwa kijani pembeni, na unapokuta Stelvio imefungwa kwa theluji, karatasi inakuonyesha njia nyingine tatu kwa mtazamo mmoja. Simu inakuonyesha moja tu.

---

Mwendo_Pole

Wakuu, asanteni sana. Nimekubali: wiki ya tatu ya Juni, Grossglockner nimeifuta. U.1 kwenye kadi inasoma 93, kwa hiyo Lechtal ningeweza kupita. Je, siku ya 12 kutoka Boppard na meli ya saa nne usiku, nichelewe kuondoka hadi saa ngapi? Na Stelvio ikiwa imefungwa asubuhi hiyo?

---

Kona_48

Boppard ondoka saa tatu asubuhi. Barabara ya kasi ni saa nne na robo hivi, na zunguka Köln kabla ya saa nane mchana, baada ya hapo barabara yake ya mzunguko inajaa magari. Utafika Hoek na mchana mzima mkononi, lakini pancha moja tu inakula saa mbili, na pikipiki ikikwama Venlo ukiwa na muda bado unaiwahi meli.

Stelvio ikifungwa, tazama Umbrail kwanza: mara nyingine barabara ya juu hufungwa upande mmoja tu. Zote zikifungwa, toka Prad kwa pito la Ofenpass (mita 2,149) kuelekea Zernez, na kabla hujafika Zernez pita handaki la Munt la Schera kwenda Livigno, ambalo ni la kulipia na la zamu, upande mmoja kwa wakati. Livigno ni eneo lisilo na ushuru wa forodha, jaza tangi hapo. Rudi kwa njia hiyohiyo. Habari za barabara zitazame usiku wa kuamkia, si wiki moja kabla. Theluji ya Juni huja usiku na mara nyingi kufikia mchana imeshaondolewa barabarani.

Lechtal na 93 unapita, sawa. Ila beba kadi halisi mfukoni, usiiache ndani ya boksi chini ya nguo chafu, polisi anaitaka palepale barabarani.